Koti Langu la Himalaya

Mwaka 2013 nilikuwa dereva wa ofisi moja hapa Lodwar. Daktari wetu, Mhindi, alikuwa akipanga likizo. Akanionyesha kwenye kompyuta barabara za Himalaya, maziwa, na nyumba za watawa wa Kibudha juu milimani.

"Huko nahitaji dereva kama wewe, Ekai," akasema.

Mimi nikasikia "wewe" tu. Pasipoti sina, tiketi sikuuliza. Nilidhani ofisi inashughulikia. Nikanunua koti zito, nikaaga kanisani.

Siku ya safari nilimpeleka uwanja wa ndege, jua kali, koti mwilini. Kwaya ya kanisa letu ikaja ikiimba. Daktari akafuta machozi, akidhani wamekuja kumuaga yeye.

Mke wangu akamshika mkono. "Daktari, huyu hajazoea baridi. Umwangalie huko."

Kwaya ikanyamaza kumsikiliza.

"Kwani Ekai anasafiri?" Daktari akauliza.