Mkono wa Kumfunga Mtoto Mgongoni

Siku niliyomtukana Mama Zawadi naikumbuka vizuri, mwanangu, maana wodi nzima ilinigeukia. Ilikuwa ile miaka ya maasi, uhuru tumeupata juzi tu, na hapa Uvira watu walikuwa wakikimbilia milimani kila bunduki ziliposikika. Minye nilikuwa hopitali. Sufuria ya mawese ya moto ilikuwa imenimwagikia mkono mzima mpaka kwapani.

Walinihangaikia, Mungu awabariki. Mmoja alinidunga sindano ya usingizi, daktari akatoa ngozi pajani akaibandika kwenye kidonda. Mpishi naye alinishindilia mayai na maharagwe mpaka nikachoka kutafuna, eti ngozi mpya haioti kwa ugali mtupu. Hao wote niliwapenda. Ila Mama Zawadi, muuguzi wa kunyoosha viungo, ee Mungu wangu! Kila asubuhi ananishika mkono, anauinua. Maumivu yake, we acha tu.

Mama mkwe wangu alinihurumia. Alinilisha mwenyewe, akaniwekea mto nilaze mkono umekunjwa, kwa kuwa hivyo hauumi. Nikaona huyo ndiye anayenipenda. Basi asubuhi hiyo Mama Zawadi alipokuja, nikapiga kelele: "Weye iko muchawi! Toka hapa!"

Hakukasirika. Alimchukua mtoto wangu wa kwanza, ndiye baba yako, akaniletea pamoja na kikwembe cha kumbebea.

"Sawa, ninaenda. Lakini mufunge kwanza mugongoni, nione."

Nikajaribu. Mkono ulifika begani ukagoma. Mtoto akateleza, mama mkwe akamdaka mguu, na minye nikalia kwa uchungu.

"Kesho tukikimbia, nani atamubeba?" Mama Zawadi akaniuliza kwa upole. "Kidonda kinafunga, na mukono uliokunjwa unafunga pamoja nacho. Leta, tunyooshe."

Tukanyoosha. Nilijizoeza kwa fungu la sombe, majani ya muhogo, nalifunga mgongoni kama mtoto. Wagonjwa wakaliuliza jina, mama mkwe akaliimbia lilale, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Na bunduki ziliposikika upande wa Mulongwe, nilimfunga baba yako mwenyewe, barabara, nikapanda naye mlima.

Sasa, mjukuu wangu, baba zako wadogo wanakucheka kwa kuwa umechagua kusomea kine, kazi ile ile ya Mama Zawadi. Wanataka uwe daktari wa kupasua. Waache wacheke, watachoka! Aliyeungua anamhitaji wa kupasua, wa usingizi, wa chakula, hata wa kukaa naye anapoogopa kujitazama kwenye kioo. Usimdharau hata mmoja wao. Lakini weye, mgonjwa akikulilia umwache, usimwache. Mtanie, mpe moyo, halafu nyoosha.

Nenda Bukavu ukasome, mwanangu. Mungu akutie nguvu mikononi, na kila utakayemshika arudi kwao amebeba mtoto wake mwenyewe.