Abdurahim Hakuwa Jangili

Marehemu mume wangu, Abdurahim, hakuwa jangili. Hakuwahi kumiliki bunduki wala kuificha, na wanaosema hapa mtaani Jericho, Nairobi, kwamba ilizikwa chini ya jiko langu wanakaribishwa kuja na majembe, mradi saruji watarudishia wenyewe.

Alikuwa mchinjaji. Alianzia soko la nyama la Burma akiwa kijana, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata wenye mabucha wakamgombania. Mwaka 2014 kampuni moja ya uwindaji ya Tanzania ikamwajiri kwa msimu. Huku kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo. Kule mgeni hulipia leseni na hufuatana na askari wa wanyamapori. Na kwa kuwa wapishi na wabeba mizigo wengi wa kambi yao walikuwa Waislamu, palikuwa na mtu mwenye kisu ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia. Mnyama akianguka, amfikie kabla roho haijatoka, asome Bismillahi, achinje. Akichelewa, wenzake wanakula maharage.

Misimu minne alirudi na hadithi. Kulikuwa na Mjerumani aliyesomea uwindaji karibu mwaka mzima na kufanya mtihani kwao kabla ya kuruhusiwa kununua bunduki. Akiua mnyama, alimwekea kijiti chenye majani mdomoni, kama tonge la mwisho, kisha akavua kofia. Abdurahim alimpenda kwa hilo. Kulikuwa pia na Mmarekani aliyenunua bunduki yake mchana mmoja, baada ya kunyoa nywele na kabla ya kununua mkate, na nyumbani alikuwa nazo tisa. Abdurahim alimuuliza zote ni za nini. Yule naye akamuuliza ana visu vingapi.

Msimu wa tano alirudi katikati, na hakwenda tena. Uvumi ulianzia hapo.

Mwaka jana, miezi saba baada ya mazishi, binti yetu Hikma aliposwa na Nuradin, kijana wa Eastleigh. Wiki mbili kabla ya nikaha, ami yake Nuradin, Mzee Burale, alikuja kwangu na simu mkononi. Mtu alikuwa amemtumia picha: Abdurahim amesimama kando ya nyati, ameshika bunduki.

Nilimwekea chai. Hikma alikuwa jikoni akiosha vyombo, na vyombo vikanyamaza.

"Mama Hikma," alisema, "hatujawahi kuoa kwenye nyumba yenye kesi. Niambie tu. Alikuwa mwindaji?"

"Tazama shingo, Mzee."

"Ya nani?"

"Ya nyati. Mume wangu umeshamtazama vya kutosha."

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Shingo ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Nikamweleza. Siku ile ya msimu wa tano yule Mmarekani wa bunduki tisa, aliyekuwa amerudi, alilenga vizuri mno, na Abdurahim alipofika, nyati alikuwa ameshakufa. Mgeni, kwa furaha yake, akampachika bunduki mikononi ampige picha. Askari akaichukua papo hapo, kwa sababu kibali kilikuwa na jina la mtu mmoja. Hiyo ndiyo mara pekee aliyoishika. Kambi ilikuwa haijaonja nyama kwa siku sita. Msimamizi akamwambia apitishe kisu tu shingoni, nani atajua. Abdurahim akakataa. Akaambiwa afungashe virago. Kabla ya kupanda gari aliwaambia wapishi ukweli, nao wakateleka maharage.

"Kwa nini hakuyasema haya hapa?" Mzee Burale aliuliza.

"Wenzake walikuwa bado kule wakitegemea kazi ile, na wana watoto. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuona kwamba Jericho inanidai maelezo."

Aliitazama picha mara ya mwisho. Kisha akaifuta, akageukia jikoni.

"Hikma, mwanangu, niongezee chai. Na usinibanie sukari kama mama yako."

Nikaha ilifungwa siku ile ile iliyopangwa. Aliyetuma picha alikuja, akala pilau sahani mbili. Majirani wananiuliza ni nani. Namjua. Simtaji, na zaidi ya haya sisemi.