Patasi Isiyong'aa

Kwa miaka ishirini na minane mama huyu amekuwa akiwaambia watu neno moja: usicheke. Wanaingia studio kwake, chumba chembamba chenye stuli, kitambaa cheupe ukutani na taa mbili. Wanakaa, wananyoosha shingo, naye anasema, "Tazama hapa. Masikio yaonekane. Usicheke." Picha ya paspoti haitaki kivuli wala meno. Basi mtaa mzima ukambandika jina, Mama Usicheke, na hata wanaomheshimu humwita hivyo wakijisahau. Yeye hajali. Mtu aliyesimama tangu asubuhi hana nguvu ya kugombana na jina.

Mwaka huu uchovu wake ulikuwa wa namna nyingine. Baba yake, seremala mzee, macho yalikuwa yamemfifia polepole kwa miaka mitatu, hadi akabaki kuujua mchana kwa joto la jua mkononi. Na bado aliishi peke yake kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana yake, akipapasa. Saa sita binti anafunga studio, anampelekea chakula, anarudi kazini. Jioni anapita tena kuangalia kama jiko limezimwa, ndipo aende kwake. Miguu ilikuwa imemvimba. Alimwomba baba ahamie kwake, akamwomba tena, akakata tamaa, akaanza upya. Sasa mwenye jengo alitaka karakana iwe tupu ifikapo Jumamosi, na jibu la mzee halikubadilika.

"Vyombo vyangu vikipata pa kwenda, na mimi nitakwenda. Visipopata, mtanikuta hapa hapa."

Kaka mkubwa, aliye mbali na mwenye ushauri mwingi, alipiga simu. "Si mviuze kwa watu wa vyuma chakavu? Nani anataka makorokoro hayo siku hizi?"

"Njoo umwambie baba mwenyewe," Mama Usicheke akamjibu. Na mtandao, kama ilivyo desturi yake, ukakatika papo hapo.

Lilibaki tumaini moja. Kilikuwako chuo cha ufundi, na mwalimu wa useremala wa hapo alitaka vyombo vya mkono kwa ajili ya wanafunzi wake. Ila kabati lilikuwa na nafasi ya seti moja, na mtu mwingine alikuwa ameshaomba kuleta vyake. "Nitumie picha nione," mwalimu akasema.

Picha! Hapo Mama Usicheke alipumua. Angalau hilo aliliweza hata akiwa amesinzia.

Jumanne mchana alibeba kamera, kitambaa cheupe na taa zake hadi karakana. Alivifuta vyombo vyote kwa mafuta hadi vikameta: misumeno, randa mbili, nyundo ya mbao, patasi saba. Akavisimamisha kimoja kimoja mbele ya kitambaa, katikati kabisa, taa zikimulika kutoka mbele ili kivuli kisionekane. Patasi ya kwanza, tazama hapa. Patasi ya pili, usicheke. Alimaliza kwa nusu saa, akazituma, akaenda zake akijiona amefanya la maana.

Jibu lilifika Jumatano asubuhi. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni mwa studio, funguo mkononi.

"Mama, picha nimezipata, asante. Ila vinaonekana kama vimekatwa kwenye karatasi. Sioni mti umelika wapi, sioni kama kinachong'aa ni chuma au ni mafuta. Yule mwingine amenitumia picha nzuri. Kama unazo nyingine, zinifikie kabla ya Ijumaa."

Alikaa kwenye stuli ya wateja. Ilimuuma, tusifiche. Miaka ishirini na minane ya kupiga picha, halafu seremala anakwambia hujui kupiga picha. Alitaka kukasirika lakini hata hasira ilimshinda, akabaki kuangalia ukuta mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi.

Saa sita alimsomea baba ule ujumbe. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi lake la kazi, maranda ya zamani bado yamejaa miguuni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Taa uliweka wapi?"

"Mbele, baba. Sawasawa na kamera."

"Kwa nini?"

"Ili kusiwe na kivuli."

Mzee akaguna. "Sasa mama, bila kivuli utaona nini? Nikipiga ubao randa, nikitaka kujua kama umebaki na mawimbi, siumuliki kwa juu. Kwa juu kila ubao ni mzuri. Naichukua taa nailaza hapa mezani, ubavuni. Kila kasoro inajisema yenyewe."

Lilikuwa jambo la wazi, na Mama Usicheke ndiye mpiga picha. Mazoea yana taabu. Alikuwa amezipiga patasi picha za paspoti, tena kwa mafuta usoni kama bibi harusi.

Akaanza upya. Aliyafuta mafuta kwa kitambaa kikavu. Taa zake hakuziwasha. Alifunga mlango, akafunga madirisha, akabakisha wazi ubao mmoja tu wa dirisha la chini, la upande wa kushoto, hapo mwanga ukaingia umelala juu ya benchi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akapiga magoti kwenye maranda, magoti yakalalamika. Kitambaa cheupe alikitoa. Benchi lenyewe, jeusi kwa miaka ya gundi na jasho, ndilo liwe mandhari.

Kwenye kioo cha kamera randa ya mbao ikainuka kama kitu kinachoshikika. Pale kwenye mshikio palikuwa na kishimo cha dole gumba la baba, kilichochimbika kidogo kidogo tangu binti yuko darasa la kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kukiona. Upande wa pili wa randa ulikuwa giza mno, akachukua kipande cha karatasi nyeupe akakiegemeza kwenye kopo la misumari ili kirudishe mwanga kidogo. Ikatosha.

"Umevipangaje?" baba akauliza. Akanyoosha mkono, akapapasa. "Ah. Foleni. Kubwa mpaka ndogo, kama watoto wa shule. Nani anafanya kazi hivyo?" Akavisogeza mwenyewe: rula na skwea huku, msumeno ukifuata, kisha randa, patasi zimelala mshazari, nyundo ya mbao karibu nazo. Katikati akaacha nafasi wazi.

"Hapo pa nini, baba?"

"Pa kazi. Ubao utakaa wapi?"

Nafasi ile ndiyo iliyoipanga picha nzima. Kama ni binti, angeijaza.

Ilibaki patasi pana. Aliigeuza taratibu hadi mwanga ukagota kwenye ncha, na ncha ikatoa mstari mweupe mwembamba, mzuri ajabu. Alifurahi kwa mara ya kwanza wiki ile. "Baba, ungeona! Makali yanang'aa mstari mzima."

Mzee akasema polepole, kama mtu aliyeshikwa na deni, "Basi ni butu."

"Inapendeza lakini."

"Makali ya kweli hayarudishi mwanga, mwanangu. Hayana pa kuushikia. Ukiyaona, yamekufa. Na yule mwalimu ndipo atakapoangalia kwanza. Nipe jiwe."

Binti alitazama saa. Wateja walikuwa wanamsubiri studio, mmoja wao tayari amepiga simu mara mbili. Akampa jiwe la kunolea, akamwekea maji, akakaa chini. Mzee alinoa akiwa ameinamisha kichwa, akisikiliza sauti ya chuma, kidole kimoja kikiilinda pembe. Alinoa ile pana, akanoa zote saba. Mwanga ulikuwa umeanza kushuka alipozirudisha kila moja mahali pake.

Mama Usicheke akaangalia tena. Patasi ilionekana yote, ubapa wake, mikwaruzo, mti wa mshikio, hadi ncha ilipoishia gizani. Hapakuwa na mstari. Akapiga, akazituma jioni ile ile.

Jibu lilikuja Ijumaa saa sita, wakiwa wote karakana. Akalisoma kwa sauti. "Mama, nimeikuza picha ya patasi hadi mwisho. Makali hayaonekani. Gari litakuja kesho, vileteni vyote. Mwambie fundi wanafunzi wangu watakuta vimenolewa."

Binti alikuwa ameichapa picha ile kubwa, kwa mapenzi tu, bila kufikiri, na sasa akajikuta amemwekea baba yake mikononi. Mzee akapitisha kidole juu ya karatasi, akatafuta randa, akatafuta kishimo cha dole gumba. Karatasi ilikuwa laini kote. Binti akaona aibu.

"Patasi iko wapi?" mzee akauliza.

Akamshika kidole, akakipeleka. "Hapa, baba."

"Na kweli makali hayaonekani?"

"Hayaonekani."

"Hata mimi siyaoni," mzee akasema, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Mama Usicheke, aliyewakataza watu kucheka maisha yake yote, akaketi kwenye maranda akacheka naye, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kumwomba ruhusa. Alilia uchovu wa mwaka mzima. Baba yake akamwacha amalize. Kisha akaikunja picha kwa uangalifu, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono hewani kumtafuta.

"Haya, mama. Nishike twende kwako," akasema. "Na mimi nimechoka."