Kadi Iliyokuwa kwenye Matanga

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, hapa mtaani Cibitoke, saa nane mchana, jua likiwaka. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, mimi mwenyewe huwa nacheka nikikisimulia.

Nilikuwa nachora katuni kwenye kompyuta: kiboko anayepiga mswaki. Studio moja ya mjini iliniambia, lete dakika moja Jumatatu, ikipendeza unaanza kazi. Kazi! Mimi niliyeachia shule njiani! Basi nikanunua kadi ya grafiki ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika, kwa kijana mmoja wa mtaa wa Ngagara, anaitwa Fiston. Kadi nzuri, kubwa kama tofali.

Lakini kiboko akagoma. Anainua mswaki, anaganda. Nikasafisha vumbi, nikabadilisha waya, nikaweka programu zake upya, nikapaka dawa mpya ya kupunguza joto. Joto liko sawa, umeme unafika, feni inazunguka, ila kadi haisukumi kitu. Unaijua hasira ya namna hiyo?

Jumamosi, nikiwa peke yangu nyumbani, mtu akapiga hodi. Kaka mpole, shati limepigwa pasi. Nilidhani ni mteja wa mama. Nikampa kigoda na soda ya machungwa, akaanza kuangalia skrini.

“Dada, hiyo kadi haina ugonjwa. Iko mu matanga.”

“We! Kadi inalilia nani?”

“Mwenyewe alikufa, na levée de deuil, kule kuondoa matanga, haijafanyika. Kwetu mutu akifa, kuko mutu anashika jembe kabla matanga hayajaondolewa?”

“Apana,” nikasema.

“Na hiyo kadi nayo imeweka jembe chini. Kesho wanaondoa matanga, Ngagara, nyumba ya mulango wa bluu. Uende useme unayo.”

“Na we unajuaje?”

“Si mi ndo nilikuwa naifanyisha kazi?”

Hapo umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, ikang'aa kama kioo, nami nikajiona ndani yake. Nikaona mlango, nikaona kigoda. Na chupa ya soda, niamini, inaelea hewani peke yake, inainamishwa taratibu! Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Nilitoka mbio na kiatu kimoja mpaka kwa jirani.

Ungekuwa wewe ungeenda Ngagara? Mimi nilienda, kadi kwenye mfuko wa plastiki. Picha ya marehemu Désiré ilikuwa mezani, kati ya maua. Shati lile lile.

Msemaji wa familia akauliza, kama kawaida, nani ana kitu cha marehemu. Nikasimama, nikaitoa kadi mfukoni kwa woga, maana mjane angeichukua angekuwa na haki yake, na kiboko wangu angekuwa amekufa na mswaki mkononi.

“Fiston!” mjane akaita. “Si uliniambia iliungua?”

Fiston, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshainama nyuma ya makreti ya bia. Watu wakacheka mpaka wazee wakafuta machozi. Mjane akaipokea kadi, akaipangusa kwa kitenge chake. Kisha akaniuliza naifanyia nini. Nikamweleza habari za kiboko.

“Désiré angemupenda huyo kiboko,” akasema. “Matanga yameisha, mutoto wangu. Ipeleke ikalime.”

Jioni ile nikaichomeka bila kugusa kitu kingine. Kiboko akapiga mswaki, akasukutua, akatabasamu na meno yote.

Kazi nilipata. Mjane sasa ananiita wifi, kana kwamba Désiré alikuwa kaka yangu, na kila katuni mpya anaiona kwanza yeye. Ila mpaka leo siwezi kukaa mbele ya skrini iliyozimwa. Naifunika kitenge haraka, mama anadhani naogopa vumbi.

Nawe unayekwenda kununua kadi ya okazyo, usiulize ukubwa na bei tu. Uliza ilikuwa ya nani, na kama amekufa, uliza kama familia imeshaondoa matanga. Wakikuambia bado, acha kadi yao ipumzike.