Maji ya Kwanza katika Bafu la Msonobari

Hatsuyo Watabe aliletwa Bafu la Msonobari, bafu la umma, akiwa bibi harusi, mashavu bado mekundu ya kitoto, na tangu mama mkwe wake alipomwachia kile kiti kirefu cha mlangoni hakuna mtu wa mji wetu aliyewahi kumwona akioga. Si kwamba alikuwa mchafu, hasha. Mwenye bafu huoga mwisho. Wateja wakishatoka, wanaume kwao na wanawake kwao, ndipo anaingia na brashi, anasugua vigae mpaka ving'ae, halafu anajitosa kwenye maji waliyoyaacha wengine, yameshakuwa vuguvugu. Jambo hilo alijivunia kuliko wenzake wanavyojivunia wajukuu. Alipopata habari kwamba mwenye bafu la mji wa jirani anaoga pamoja na wateja, alisonya, akasema kumbe siku hizi hata mpishi anakula kabla ya wageni.

Kiti chake kilikaa katikati, kikaona pande zote mbili. Alijua kovu la kila mtu, alijua nani amepungua mwili na hajamwambia mumewe. Na alijua ugomvi wa maji ya kwanza, maana kwetu kuingia wa kwanza katika hodhi la pamoja, maji yakiwa hayajaguswa na yanauma kwa moto, ni heshima. Upande wa wanawake heshima hiyo aliishika Kimie Hoshi, muuza tofu, ile jibini ya soya, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Upande wa wanaume aliishika Genzaburo, mdogo wa marehemu mume wa Hatsuyo, mwenye karakana ya mbao. Ukuta kati ya pande hizo haukufika darini, basi walikuwa wakirushiana maneno juu kwa juu. Genzaburo alimwuliza Kimie kama ameshaiva atolewe, naye Kimie akamjibu kwamba yeye kuku mzee haivi hata ukeshe.

Kuni za bafu zilitoka kwa Genzaburo, mabaki ya mbao, bure, kwa ajili ya marehemu kaka yake. Bila kuni zile, bafu ni ghala la vigae tu. Hilo nalo Hatsuyo alilijua.

Siku ya tetemeko la ardhi alikuwa ndiyo kwanza anajaza hodhi. Sakafu ilianza kutembea chini ya miguu yake, na maji yakaondoka upande mmoja wa hodhi, yakapanda ukuta, yakarudi, yakapanda tena, kama mtu anayetaka kutoka. Alishika bomba kwa mikono miwili akangoja liishe. Halikuisha. Liliendelea mpaka akaanza kuzungumza nalo, akilibembeleza kama mtoto mkorofi. Lilipotulia, Genzaburo alikuja mbio amevaa kiatu kimoja, akatazama dohani, akasema ina ufa lakini imesimama.

Jioni ile watu walikuja kuoga wapate kutetemeka pamoja. Katika chumba cha kuvulia nguo palikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati. Hatsuyo anakumbuka mpaka leo jinsi walivyosimama, mmoja kanyanyua mguu bado hajautoa kwenye soksi, mwingine taulo kifuani, maji yakimchuruzika, na hakuna aliyejifuta. Bahari ilikuwa inatembea juu ya mashamba. Haikuwa wimbi la picha, la bluu lenye povu. Ilikuwa kitu cheusi, kizito, kimebeba nyumba na magari na mahema ya kuoteshea mboga, nyumba nyingine zinawaka moto juu ya maji, na mbele yake gari dogo jeupe linakimbia barabarani. Kisha halikuonekana tena.

"Hiyo si kwetu," alisema Kimie.

Lakini ilikuwa kwetu. Ilikuwa mkoa wetu wa Fukushima, upande wa pili wa milima, mahali wanakotoka samaki wetu.

Kesho yake jengo la kinu cha nyuklia cha pwani ile lilipasuka kwenye televisheni ileile, moshi ukapanda, na bwana mmoja wa suti akasema hakuna sababu ya kuhangaika. Alipomaliza kusema hivyo mji wetu wote ulikimbilia dukani. Mchele uliisha, tambi zikaisha, na foleni ya petroli ilizunguka hekalu ikarudi ilikoanzia. Watu waliziba madirisha kwa karatasi ya gundi, wakihofia mionzi. Theluji ilianguka, theluji nzuri, na wazazi wakawapiga watoto mikono wasiiguse. Mke wa daktari wa meno aliondoka kwenda kwa dada yake Osaka bila kumuaga hata jirani wa ukuta mmoja. Kila mtu alikuwa mwema, na kila mtu alikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa ikitangulia kufungua mlango.

Mafuta ya taa nayo yakaadimika, majumbani hakuna maji moto. Bafu la Hatsuyo, lenye kuni zake, likajaa kuliko miaka yote. Hapo ndipo mtu wa halmashauri alipokuja, barakoa mpaka machoni, akauliza kama watu wa pwani waliohifadhiwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule wangeruhusiwa kuja kuoga. Walikuwa wameshapimwa mionzi, hawana kitu.

Kimie alilisikia hilo kabla chai ya mgeni haijapoa. Alisema yeye anawaonea huruma mpaka hali chakula, na tofu amewapelekea mwenyewe. Ila maji ni maji, yanaingia kila mahali, na yeye ana binti mjamzito nyumbani. Wanawake wengine walitazama sakafu, ambayo ndiyo njia ya kukubali kwetu. Genzaburo alisema waziwazi zaidi.

"Shemeji, mimi sina neno nao. Lakini kuni zangu hazichemshi maji ya kinu."

Wakapatana hivi: watu wa pwani waje mwisho, wenyeji wakishamaliza, kisha maji yamwagwe na hodhi lisuguliwe. Hatsuyo alikubali, na moyo wake ukatulia. Mwisho? Mwisho ndiko anakooga yeye mwenyewe maisha yake yote. Mama mkwe wake alioga mwisho, na mama mkwe wa mama mkwe. Hakuona kuna kosa gani kumpa mgeni nafasi ya mwenye nyumba.

Jioni hiyo, wateja wameshatoka, walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, Sanae, na mwingine mama mkwe wake, Bi Tokiko, mwembamba kama kijiti, nywele zimegandana kwa tope la kijivu. Hawakuinua pazia fupi la mlangoni. Sanae alipiga magoti palepale nje, kwenye jiwe lenye theluji iliyoyeyuka, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono yake.

"Sisi ni wa pwani," alisema. "Tumepimwa. Hodhini hatutaingia, tutajimwagia tu pembeni. Beseni tumekuja nalo letu, na tukimaliza tutasugua tulipokaa."

Alisema kwa haraka, bila kuvuta pumzi, kama mtoto anayesoma shairi la shule. Hatsuyo alimwuliza ni nani aliyewaagiza kusema hivyo.

"Hakuna, mama. Kwenye nyumba ya wageni walitukataa. Kituo cha petroli waliona namba za gari wakafunga. Tumeona bora tuseme wenyewe, kabla hatujaambiwa."

Juu ya kiti chake Hatsuyo alimwona huyu mwanamke akivua viatu nje, nje kabisa, na kuvipanga pembeni kwenye matope visichanganyike na rafu ya viatu vya watu.

Walioga kwa kujimwagia, wamekaa chini kwenye vigae karibu na mfereji wa maji machafu. Bi Tokiko alitetemeka mpaka meno yakasikika. Hodhi lilikuwa pale kando, linatoa mvuke, nao hawakuligeukia hata kwa macho. Walipokwenda, Hatsuyo alizibua maji kama alivyoahidi. Maji ambayo mgeni hakuyagusa hata kwa kidole yalizunguka, yakanywewa na tundu, yakaisha. Alisimama na brashi mkononi akitazama hodhi tupu, na ndipo ilipomjia kwamba mwisho wake yeye na mwisho wao havikuwa kitu kimoja. Yeye huwa wa mwisho kwa sababu bafu ni lake.

Siku iliyofuata aliwasha moto mapema, akavaa koti la marehemu mumewe, akaenda mwenyewe ukumbini. Aliwakuta kati ya maboksi ya karatasi, blanketi mabegani, akawaambia waje. Waliingia bafuni kabla ya saa ya kufungua, na maji yalikuwa hayajaguswa.

"Haya ni ya kwanza," alisema. "Ni yenu."

Sanae alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alisema hapana, wateja watasemaje. Hatsuyo akajibu kwamba wateja wake atawajibu yeye. Alibembeleza, akakaripia, akabembeleza tena. Wakavua nguo, wakajisugua mpaka ngozi zikawa nyekundu, lakini kuingia, hawakuingia. Walisimama ukingoni, mikono imefunika vifua, kama watu waliofika mtoni usiku.

Basi Hatsuyo akafungua fundo la mkanda wake. Akavua nguo zote, akajimwagia, akaingia hodhini mbele yao, mchana kweupe, kiti chake mlangoni kikiwa kitupu. Maji yalimchoma. Maji ya kwanza hakuyajua, katika maisha yake yote hakuwahi kuyaonja, na alishangaa kwamba hivi ndivyo yalivyokuwa makali. Akanyoosha mkono. Bi Tokiko ndiye aliyeushika.

Walikuwa wamezama watatu mpaka shingoni pale Kimie alipovuta mlango wa kioo, kikapu chake cha sabuni mkononi.

"Bi Hatsuyo. Unafanya nini humo?"

"Naoga."

"Saa hizi?"

"Funga mlango, joto linatoka."

Kimie hakufunga. Nyuma yake walikuwa wamefika wengine, wananyoosha shingo. Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya Genzaburo akiuliza mbona kitini hakuna mtu.

"Niko majini, shemeji," Hatsuyo alijibu.

"Na nani?"

"Na wageni."

"Nilisema habari ya kuni."

"Ulisema, na nilisikia."

Sanae alikuwa ameshaanza kuinuka, anaomba radhi kwa kila aliyeko mlangoni. Hatsuyo alimshika kiwiko chini ya maji, akamkalisha. Alijua kwamba anachokipoteza ni bafu zima, dohani na vigae na jina la mama mkwe wake. Akafungua kinywa awaambie watu wake maneno makali. Lakini Bi Tokiko alitangulia. Tangu jana alikuwa hajasema neno hata moja.

"Walikuwa wanagonga," alisema.

Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Alikuwa anatazama maji. Alisema baada ya wimbi walikwenda bandarini na tochi, yeye na mkwewe na wazimamoto, kumtafuta mwanawe Yoshitaka. Chini ya mapaa yaliyolala, watu walikuwa wanagonga. Bati, mbao. Wengine walijibu wakiitwa. Wazimamoto walikuwa na mikono tu, wakapaza sauti kwamba vumilieni, alfajiri tunakuja na mashine. Alfajiri likapita gari la kipaza sauti likisema watu wote waondoke, kinu kimeharibika.

"Tukaondoka," alisema Bi Tokiko. "Bado walikuwa wanagonga, na sisi tukapanda basi."

Upande wa wanaume, ambako kila neno lilifika juu ya ukuta, bomba lilikuwa linamwaga maji kwenye beseni, beseni likajaa, maji yakafurika, na mtu hakulifunga. Hatsuyo alikuwa bado amemshika Sanae kiwiko. Yale maneno makali aliyoyaandaa yalimtoka kichwani, hakuyakumbuka tena kamwe.

Kimie aligeuka akaenda zake. Alipita katikati ya wenzake bila kumtazama mtu, na tangu siku hiyo hakurudi kuoga. Binti yake alijifungua salama, na Kimie bado akimwona Hatsuyo njiani huvuka upande wa pili. Wawili wengine walimfuata. Waliobaki walivua nguo polepole, wakajisugua na kuingia hodhini mmoja mmoja, na kila aliyeingia alimwinamia Bi Tokiko kichwa. Upande wa wanaume mlango ulifunguliwa ukafungwa. Hatsuyo aliujua mwendo ule. Genzaburo alikuwa ameondoka bila kuoga.

Hatsuyo akakata tamaa ya kuni. Asubuhi alitoka nyuma ya bafu na shoka aanze kuvunja kibanda cha kuku, awashie hicho. Akakuta lori dogo la shemeji yake limesimama uani, tela limejaa, naye mwenyewe, macho mekundu, ndevu hajanyoa, anashusha.

"Wanaingia saa ngapi?" aliuliza Genzaburo bila kugeuka.

"Kabla sijafungua."

"Anza na hizi za msonobari. Zinashika upesi."

Hatsuyo alisimama akamtazama. Siku zote shemeji yake alikuwa akiinua tela na kuzimwaga kuni kwa kishindo, mpaka majirani wakalalamika. Leo alikuwa anachukua kigogo kimoja, anakibeba kwa mikono miwili, anainama na kukiweka chini taratibu sana, kisiguse mwenzake. Kisha kingine. Mara moja kilimponyoka, kikagonga ubao wa tela, ko, na mzee yule akasimama palepale, bega limepanda, akisikiliza.