Somo la Mama na Herufi za Ubaoni

Mwenzenu nilikuwa najiona. Ukunda ya wakati ule, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, wasichana waliojua kompyuta walikuwa wa kuhesabu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikaa kwenye ofisi ndogo ya kupiga chapa kando ya barabara kuu: mashine moja, printa moja, na tajiri wangu, aliyeinunua mashine ile kwa hoteli moja ya Diani iliyofungwa wageni walipopungua. Watu walileta barua zao za kuomba kazi na kadi zao za harusi, wakanisimamia nyuma kuvitazama vidole vyangu. Nami nikazidi kunyoosha shingo.

Mama yangu hakujua kusoma. Tulitoka bara nikiwa mdogo, wazee wangu wakapata shamba kwenye skimu ya makazi karibu na Msambweni, na maisha yake yote alitia dole gumba mahali wenzake walipotia sahihi. Kanisani kwetu akina mama walisoma masomo ya Jumapili kwa zamu. Yeye alipewa kikapu cha sadaka ashike. Hakulalamika, lakini mwaka ule alijiandikisha ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, alasiri mbili kwa wiki, kwa mwalimu mmoja Mdigo mwenye subira na mwandiko mzuri ajabu. Vitabu havikuwapo. Kila walichojifunza kilitoka ubaoni.

Miezi ikapita, akaweza. Akawa ananisomea daftari lake, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Katekista akapata habari, akamwambia, "Mama, Jumapili ya tatu kutoka leo, somo la kwanza ni lako." Alinipa habari hiyo akiwa amesimama. Hakutaka hata kukaa.

Shida ilikuja tulipofungua kitabu cha kanisani. Alikwama neno la kwanza. A ya mwalimu ilikuwa duara lenye kijiti ubavuni; a ya kitabuni ina kichwa kilichopinda kama ndoano, na g yake ina matumbo mawili. Kwako wewe na kwangu ni herufi ileile. Kwa mama zilikuwa ngeni kabisa, na Kiswahili kina maneno mangapi yasiyo na a? Alikifunga kitabu polepole, akaniuliza, "Si uniandikie tu wewe, kwa mkono, kama za mwalimu?"

Nikiambiwa leo nirudi mahali pamoja tu katika maisha yangu, nitarudi hapo. Nilicheka. "Mama, usimame mbele za watu na karatasi ya kalamu, kama unatumwa dukani? Nitakupigia kwa kompyuta, itoke safi."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Fonti niliipata Mombasa, kwa fundi wa duka moja la kompyuta, akaninakilia kwenye disketi. Zilikuwa herufi za shule hasa, a ya duara na g ya tumbo moja. Nikaiweka kwenye mashine Jumatatu ya wiki ya mwisho, ikaingia bila kelele. Nikifungua folda ya fonti naiona, nikiibonyeza inanionyesha alfabeti nzima. Nikirudi kwenye programu ya kuandikia, nikishusha orodha ya fonti, haimo. Napanda juu, nashuka chini, haimo. Nikaifuta, nikaiweka tena. Jumanne nikaiweka mara tatu. Jumatano niliitukana.

Alhamisi nikampigia simu yule fundi. Akaniuliza, "Umeifunga programu yenyewe ukaifungua tena? Ikikataa, zima mashine uwashe."

Sikuwa nimefanya hivyo, kwa sababu mashine yetu ilikuwa haizimwi. Mara ya mwisho ilipozimwa iligoma kuwaka siku mbili, hadi akaletwa mtu wa kuitengeneza, na tangu hapo tajiri alitoa amri: isizimwe kabisa, na ile programu isifungwe, iachwe wazi vilevile. Jioni tulizima kioo tu, tukakifunika kanga, na mashine ikaendelea kuvuma. Stima ikipotea, betri ya akiba iliishikilia. Mimi nilifunga barua na kufungua barua, lakini programu yenyewe sikuwahi kuifunga tangu niajiriwe. Pa kubonyeza nilipajua, kile kialama cha msalaba pale pembeni. Mkono ulifika, nikaurudisha. Niliiogopea kazi yangu. Ningemwomba tajiri ruhusa, lakini kuomba kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo limenishinda. Basi nikamwambia fundi nimeshazima na haikusaidia, nikadanganya hivyo, kavukavu.

Jumamosi mchana nikampelekea mama karatasi. Nilikuwa nimetumia fonti ya kawaida, yenye a ileile ya kitabuni, nikazikuza herufi, nikajidanganya kwamba ukubwa utatosha. Aliitazama toka juu hadi chini. Kalamu ilikuwapo mezani, haki ya Mungu ilikuwapo, na jua lilikuwa bado juu. Kuandika ukurasa mmoja kungenichukua nusu saa. Badala yake nikamwambia, "Ukikwama, kumbuka tu. Si nimekusomea ukalirudia mara nyingi?" Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupiga pasi nguo yake.

Jumapili alisimama mbele. Mstari wa kwanza aliusema kwa kukumbuka, kwa sauti nzuri. Akaanza wa pili, akanyamaza. Nikakiona kidole chake kikitafuta kwenye karatasi, kikienda na kurudi. Mtu akakohoa. Kwenye viti vya vijana kukatoka kicheko kidogo. Mwenyekiti wa akina mama akaenda, akamshika bega kwa upole, akafungua kitabu, akamalizia somo. Mama alirudi kukaa kando yangu. Mikono akaificha ndani ya leso.

Jumatatu stima ilipotea asubuhi nzima. Betri ikaisha, mashine ikazimika yenyewe. Stima iliporudi tajiri akasema bismillahi, akabonyeza swichi, nayo ikawaka kama kawaida, bila shida yoyote. Nikafungua programu, nikashusha orodha. Fonti ilikuwamo, imekaa zake mahali pake. Nililia palepale. Tajiri akadhani nalia kwa furaha ya mashine, akaniambia nimshukuru Mungu.

Nikalipiga somo lote, nikalichapa, nikaondoka na karatasi mapema. Nilimkuta mama jikoni anachambua mchicha. Akafuta mikono, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akasoma. Alisoma lote, toka neno la kwanza hadi la mwisho, hakukwama hata mara moja. Kisha akaikunja, akanirudishia.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Basi umesikia wewe tu," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Ngumbaru hakurudi tena. Mwalimu alikuja kumwulizia mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyetumwa nje nimwambie kwamba mama yuko shamba.