Yale Asiyoniuliza Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, ukungu umelala juu ya migomba yetu kule Myamba, hata jirani akikohoa unamsikia lakini humwoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mundu mkononi, nimetumwa kukata majani ya mbuzi aliyekuwa amezaa. Nikapita kando ya mpaka wetu na shamba la Mzee Elifasi. Nikamwona ameinama. Basi. Hayo ndiyo niliyoyaona, na kama ningeyaacha hapo hapo, leo ningekuwa sina kisa cha kukusimulia.

Nakusimulia kwa sababu ninyi vijana mna neno lenu siku hizi: "Mimi najijua." Mtu hajafika hata miaka ishirini na tano, anajijua! Mimi nakaribia tisini, na bado kila wiki nakutana na jambo langu ambalo sikuwa nalijua. Lakini tusigombane. Kaa, nikueleze.

Kwanza ujue sisi ni watu gani. Makabila mengine hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili apate kushtaki kesi ya kuku. Na watutanie! Mimi sioni aibu hata chembe. Anayekubali haki yake iliwe kimya kimya, kesho ataliwa na yeye. Enzi za Mwingereza baba zetu walishuka milima hii kwa miguu hadi bomani Same, makande yamefungwa kwenye majani ya mgomba, wakamweleze Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa nini hukumu ya huku juu hawaikubali. Wanasema Bwana Shauri akiona Wapare wanakuja alikuwa anashika kichwa. Akishika asishike, alikuwa anasikiliza.

Na katika kesi zote, hakuna iliyokuwa nzito kama ya masale. Unayajua, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani. Wazee wakishayapanda, hayaguswi. Mtu akisemwa kwamba kang'oa masale na kuyasogeza, hata akirudisha ardhi, jina lake limeshaoza. Ataitikiwa salamu kwa mdomo tu, na binti zake hawataposwa.

Sasa baba yangu, Mzee Eliamani, alikuwa mtu wa maneno machache na binti watano. Mimi ni wa nne. Nikuambie ukweli, mpaka nafika umri ule sikumbuki kumsikia baba akiniita jina langu, Namsifu. Alikuwa akisema "we mtoto," anaitika yeyote aliye karibu. Hakuwa mkatili, la hasha. Alikuwa mtu aliyengoja mtoto wa kiume, akachoka kungoja.

Siku mbili baada ya ile asubuhi ya ukungu, baba alirudi kutoka shambani uso umebadilika. Masale yalikuwa yameingia upande wetu hatua mbili nzima. Jioni, tukiwa tunapakua, akauliza, "Nani alipita mpakani juzi?"

"Mimi, baba."

"Uliona nini?"

"Nilimwona Mzee Elifasi ameinama."

Baba akageuka akanitazama. Mwanangu, alivyonitazama! Kama vile ndiyo kwanza nimezaliwa. "Ameinama na jembe?"

Nikasema ndiyo. Kwani mtu huinama shambani na nini?

"Kwenye masale?"

Hapo mwiko wangu ulisita kidogo. Kidogo sana. "Ndiyo, baba."

"Njoo ukae hapa, Namsifu," akasema, akanisogezea kigoda karibu na chake.

Usifikiri nilikaa pale nikijua nimedanganya. Hapo ndipo penye ajabu yote. Kila jioni baba alikuwa akileta mgeni, ndugu wa ukoo au jirani wa upande wa pili, ananiambia, "Hebu mweleze." Namweleza. Namegewa nyama kwenye sahani ya baba, dada zangu wananichungulia kutoka jikoni. Na kila nikieleza, kisa kinapata kitu kipya. Wiki ya kwanza niliona jembe. Wiki ya pili niliona mizizi ya masale inaning'inia mkononi mwake. Wiki ya tatu nilimwona akigeuka kuangalia kama kuna mtu. Na siyo kwamba nilikuwa natunga! Nilikuwa nayaona. Nikifumba macho, yale pale. Ningekula kiapo juu ya Biblia mbele ya mfumwa, yule mtemi wetu, na ningekula kwa moyo mweupe kabisa.

Baba alishapeleka mashtaka. Siku ya baraza ikapangwa. Mzee Elifasi alikana, lakini kukana kwake kulikuwa kwa mtu mmoja, na upande wetu kulikuwa na shahidi aliyeona kwa macho. Watu walishaanza kumpita njiani wakitazama chini.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Bibi Nakijwa, mama yake baba, aliniita uani. Alikuwa anachambua maharage. Macho yake yalikuwa yamefifia, alikuwa anachambua kwa vidole, na wala hapitwi na jiwe.

"Hebu nisimulie na mimi hiyo kesi," akasema.

Nikasimulia. Nilikuwa nasimulia vizuri, we! Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasimulia tena.

"Unaisema kama katekisimu," akasema. "Hukosei hata neno. Aliyeona kwa macho husahau hapa, hurudi pale, hubishana na nafsi yake. Haya, sasa niambie yale ambayo baba yako hajakuuliza."

"Yapi hayo, bibi?"

"Elifasi alivaa nini?"

"Alivaa..." nikaanza, nikaokota ganda la maharage nikalivunja.

"Jembe alilishika vipi? Maana yule ni mtu wa shoto."

Nikainua mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Na mbwa wake? Yule mbwa hunibwekea mimi ninayepita pale kila siku tangu azaliwe. Wewe alikuacha?"

Mwanangu, nilitafuta kichwani mwangu kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Mizizi ya masale niliiona vizuri, na matope yake. Lakini shati? Mkono? Mbwa? Hapakuwa na kitu. Kila alichoniuliza baba kilikuwa kinang'aa, na kila ambacho hakuniuliza kilikuwa ukungu mtupu. Nikakaa chini palepale penye maganda.

Halafu nikakasirika. Mimi nilikuwa na hasira, na bado ninazo. "Kwa hiyo bibi unasema mimi mwongo?"

"Mwongo ana nafuu," akasema bila hata kuinua kichwa. "Mwongo anajua anachokificha. Wewe hujui. Wiki hizi tatu umekuwa ukila wapi?"

"Kwa baba."

"Na kabla ya hapo?"

Nililia. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, na yeye akaendelea na maharage yake, akaniacha nimalize.

"Ukipenda, chongo huita kengeza," akasema baadaye. "Wewe humchukii Elifasi. Ulikuwa na njaa ya baba yako. Hilo si kosa, mjukuu wangu, hakuna mtoto asiye nayo. Ila njaa yako ulipie wewe, asilipie Elifasi."

"Sasa barazani nikaseme nini?"

"Mimi sijui. Sikuwepo. Pengine aliyasogeza kweli. Wewe sema kilicho chako, kisicho chako ukiache."

Siku ya baraza palijaa. Mfumwa kakaa kwenye kiti chake, wazee wanne kando, karani na kalamu yake. Baba kavaa koti la kanisani. Mzee Elifasi alikuwa kwenye benchi, kofia kaiweka magotini, na vidole vyake vilikuwa vinaizungusha bila kukoma. Baba akasimama, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Shahidi wangu ni binti yangu, Namsifu."

Nitakuficha nini? Lile jina lilivyotoka kinywani mwake mbele ya wanaume wote wale lilikuwa tamu kuliko asali. Na saa ileile nikataka kuyasema yote, jembe na mizizi na matope. Ulimi ulikuwa tayari. Usidhani kujua kinachokusukuma kunatosha kukizuia. Kinaendelea kusukuma, na wewe unaona kabisa kinakusukuma.

Nikasema, "Nilimwona Mzee Elifasi ameinama shambani kwake. Kulikuwa na ukungu. Jembe sina hakika nalo. Masale sikuyaona. Niliyaongeza, na nilipokuwa nikiyaongeza sikujua kuwa naongeza."

Wee! Baraza likavuma. Mfumwa akanyanyua mkono watu wanyamaze. "Binti, nani amekufundisha kubadili maneno?"

"Haya ya leo sikufundishwa, Mfumwa. Yale ya mwanzo ndiyo niliyojifundisha mwenyewe."

Karani akauliza, "Sasa mimi niandike nini?"

"Andika," mfumwa akasema, "kwamba alimwona mtu ameinama shambani kwake mwenyewe." Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

Wazee walikwenda mpakani, wakabishana siku mbili kama tulivyo, wakapanda masale upya katikati. Yalihama kwa mvua? Aliyasogeza Elifasi? Mpaka leo sijui, na sitajidai kujua. Nilipomwona Mzee Elifasi njiani nilimwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba," akapita. Hakunishukuru, na kwa nini anishukuru? Nilikuwa nimemvua jina wiki tatu.

Baba alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Kuanzia jioni ile nilirudi kula jikoni, nikarudi kuwa "we mtoto." Miezi minane, mwanangu. Iliniuma sana. Wanaokuambia ukweli unalipa papo hapo, waambie Namsifu amekataa.

Kisha mwaka uliofuata wakaja ndugu wawili wa ukoo wetu, wanagombania dume la ng'ombe waliloliuza sokoni Maore, na siku ya makubaliano yao mimi nilikuwepo, nimepeleka togwa. Mmoja akataka nishuhudie. Mwenzake akasonya, akamwambia baba: "Yule binti yako? Si ndiye aliyekuangusha mbele ya mfumwa?" Nilikuwa nyuma ya ukuta, napepeta mahindi. Nikasikia baba anasema, taratibu, "Ndiye huyo. Namsifu akikuambia ameona, ameona. Mimi baba yake nilitaka aone zaidi, akakataa."

Nilisimama na ungo wangu, nikajiona mrefu kuliko kilele cha Shengena. Baba hakuwahi kuniambia maneno hayo usoni mpaka anakufa. Sikuyadai. Nilikuwa nimeshayapokea.

Tangu siku ile, watu wa hapa wakigombana huuliza, "Namsifu alikuwepo?" Nikiwepo, husikiliza. Nimeshuhudia kesi za wakubwa na wadogo, nimewakasirisha ndugu zangu na mashemeji zangu, na sijawahi kuongeza jembe pasipokuwa na jembe. Najivuna? Najivuna sana! Na najua kwa nini kisa hiki napenda kukisimulia: kwa sababu ndani yake napendeza. Yule mtoto anayetaka kutazamwa hajafa, amezeeka pamoja na mimi. Tofauti ni kwamba sasa nikimsikia anakuja namtambua, namwambia, kaa kwanza, wakubwa tunazungumza.

Basi shika haya. Nyani haoni kundule, na wewe hutaliona lako kwa kujitazama tu. Tafuta mtu wa kukuuliza yale ambayo hakuna anayekuuliza. Kabla hujasema "nimeona," jiulize ulikuwa unatamani kuona nini. Kabla hujamchukia mtu, angalia ni nani atakayekukaribisha karibu yake kwa chuki hiyo. Usione aibu kwa njaa yako, kila mtu ana yake, ila usiilishe njaa hiyo jirani yako. Na siku ukiwa mzazi, mwanangu, mwite mtoto wako jina lake bure, asubuhi na jioni, hata kama hajafanya lolote, asije akalazimika kulinunua kwa jina la mtu mwingine.

Mungu akujalie macho yasiyokupendelea, ulimi unaojua pa kuishia, na nyumba ambayo kila aliyemo anaitwa na kuitika. Akuzeeshe kama alivyonizeesha mimi, na akuache ujivune kidogo. Amina.